Kutoka Hewani Hadi Ardhini: Jinsi Ndege Zinavyopima Gesijoto Juu ya Nchi za Baridi Kali

Kati ya mwaka 2012 na 2015, ndege ya NASA aina ya C-23 Sherpa, yenye injini mbili za pangaboi na mwili wa mraba kama kontena, ilikuwa ikiruka kutoka mji wa Fairbanks, katikati ya Alaska, kwenda juu ya misitu ya misonobari, vinamasi na nyika za tundra zinazoishia kwenye Bahari ya Aktiki. Marubani waliishusha hadi mita 150 hivi kutoka ardhini, wakaipandisha kilomita kadhaa, kisha wakaishusha tena, na muda wote huo bomba lililochomoza nje lilivuta hewa na kuipeleka kwenye mitambo iliyofungwa ndani. Mradi huo uliitwa CARVE, na swali lake kubwa lilikuwa fupi kiasi cha kuandikika kwenye kiganja: je, ardhi ya Alaska inatoa kaboni nyingi kuliko inavyofyonza, au inafyonza nyingi kuliko inavyotoa? Jibu lilichapishwa mwaka 2017. Wasomaji wengi hulipata jibu la namna hiyo katika mstari mmoja wa habari, bila kuonyeshwa njia iliyopitwa kulifikia, na kwa kuwa njia hiyo ndiyo inayoamua jibu liaminiwe kwa kiasi gani, nimeona inafaa ielezwe hatua kwa hatua.

Sababu ya kuhangaika na nchi hizo ni kile kilichofukiwa chini yake. Takriban robo ya nchi kavu ya nusu ya kaskazini ya dunia ina ardhi iliyoganda daima, yaani udongo au mwamba uliokaa kwenye nyuzijoto sifuri au chini yake kwa miaka miwili mfululizo au zaidi, na sehemu kubwa yake imeganda kwa maelfu ya miaka. Ndani yake mna mabaki ya mimea na wanyama ambayo hayakuoza kwa sababu baridi iliwanyima bakteria nafasi ya kuyala. Kaboni iliyomo humo inakadiriwa kuwa kati ya tani bilioni 1,460 na 1,600, karibu mara mbili ya kaboni yote iliyomo katika angahewa. Tangu mwaka 1979 eneo la Aktiki limepata joto kwa kasi inayokaribia mara nne ya wastani wa dunia nzima, na kila udongo unapoyeyuka, bakteria huamka na kuanza kula. Penye hewa ya oksijeni hutoa kaboni dioksidi. Penye maji yaliyotuama, ambapo oksijeni haifiki, wenzao wa aina nyingine hutoa methani. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa, kwa kuwa kilo moja ya methani, ikihesabiwa kwa kipindi cha miaka 100, hupasha dunia joto takriban mara 28 kuliko kilo moja ya kaboni dioksidi, na kwa kipindi cha miaka 20 huzidi mara 80.

Mtu anaweza kuuliza kwa haki kwa nini kazi hii isiachiwe setilaiti, ambazo huizunguka dunia usiku na mchana bila kuhitaji rubani wala uwanja wa ndege. Setilaiti nyingi zinazopima kaboni dioksidi na methani hutegemea mwanga wa jua uliogonga ardhi na kurudi juu. Hutazama ni rangi zipi za mionzi infraredi zimepungua njiani, na kwa upungufu huo hukadiria kiasi cha gesi. Kaskazini ya mbali karibu kila sharti la kazi hiyo linakosekana. Jua huwa chini sana upeoni kwa miezi mingi, na katikati ya majira ya baridi halichomozi kabisa. Mawingu ni mengi. Hata theluji, ambayo machoni petu inang'aa kuliko kitu chochote, katika mionzi hiyo ya infraredi ni nyeusi, hairudishi mwanga wa kutosha. Kwa hiyo setilaiti huona vizuri kiasi majira ya joto, halafu hupofuka katika majira ambayo, kama tutakavyoona, ndiyo yaliyokuja kuwa na habari kubwa zaidi.

Upande mwingine kuna minara na masanduku ya kupimia yanayowekwa juu ya udongo wenyewe. Sanduku hupima mita moja ya mraba kwa uhakika mkubwa, na mnara hupima mamia ya mita kuuzunguka, mwaka mzima, usiku na mchana. Lakini tundra haifanani kwa hatua kumi: hapa pana kichuguu kikavu, hapo pana dimbwi, pale pana ukingo wa ziwa unaobomoka. Kuzidisha vipimo vya minara michache kwa mamilioni ya kilomita za mraba ambazo hazina hata barabara ni kubahatisha. Ndege iko katikati ya hao wawili. Kwa siku moja inapita juu ya mamia ya kilomita, ikiwa karibu na ardhi vya kutosha kuhisi tofauti ya bonde na bonde.

Hapa ndipo penye fundo la jambo zima, na ningependa msomaji alishike vizuri kabla ya kwenda mbele. Ndege haipimi ardhi, inapima hewa. Mtu anayepita uchochoroni jioni akasikia harufu ya pilau anajua kwa hakika kwamba kuna mtu anapika pilau. Hajui kama ni sufuria moja ya familia au masufuria kumi ya arusi, wala hajui ni nyumba ipi, mpaka ajue upepo unavuma kutoka wapi, kwa nguvu gani, na kama uchochoro wenyewe umefunikwa au uko wazi. Kiwango cha gesi hewani ni hiyo harufu. Utoaji wa gesi, yaani kilo ngapi zinatoka katika kila kilomita ya mraba kwa siku, ndiyo hiyo sufuria. Mitambo husoma kiwango. Sisi tunataka utoaji. Na kati ya viwili hivyo kuna hesabu ndefu yenye mianya ya makosa.

Tuchukue mfano wa tarakimu, niliouhesabu mwenyewe kwa ajili ya kuonyesha udogo wa kinachotafutwa. Tuseme kuna kinamasi kinachotoa miligramu 50 za methani kwa kila mita ya mraba kwa siku, kiwango kisicho cha ajabu kwa vinamasi vya kaskazini majira ya joto, na upepo wa mita 5 kwa sekunde unakivuka kwa umbali wa kilomita 100. Safari hiyo itachukua saa tano na nusu, na katika muda huo hewa itakuwa imepokea miligramu 12 hivi za methani kwa kila mita ya mraba. Kama methani hiyo itasambaa sawasawa ndani ya tabaka la hewa lenye kimo cha kilomita moja, kiwango chake kitaongezeka kwa takriban sehemu 16 kwa bilioni. Lakini hewa hiyo ilipofika ukingoni mwa kinamasi tayari ilikuwa na methani zaidi ya sehemu 1,900 kwa bilioni, iliyotoka kila pembe ya dunia. Kilomita 100 za kinamasi kizima zimeongeza pungufu ya asilimia 1.

Sasa tubadilishe jambo moja tu: badala ya kilomita moja, tabaka la hewa linalochanganyika liwe na kimo cha kilomita mbili, jambo la kawaida kabisa katika alasiri yenye jua. Kinamasi ni kilekile, utoaji ni uleule, lakini ongezeko litasomeka kuwa sehemu 8 tu. Asiyejua kimo cha tabaka hilo atakosea kwa nusu nzima huku mtambo wake ukifanya kazi bila dosari. Hii ndiyo sababu ya ule mtindo wa kuruka unaoonekana kama ulevi ukitazamwa kwenye ramani, ndege ikipanda na kushuka mara nyingi: inatafuta mahali ambapo joto, unyevu na gesi hubadilika ghafla, kwa kuwa hapo ndipo paa la tabaka lilipo. Juu ya paa kuna hewa iliyosafiri kutoka mbali, ambayo husaidia kujua kiwango cha msingi; chini yake kuna hewa iliyogusana na ardhi hii siku hii. Majira ya baridi mambo hugeuka, kwa sababu hewa nzito ya baridi hulala chini kama blanketi lenye kimo cha makumi au mamia machache ya mita, na ndege isiyoweza kushuka hadi humo itapita juu yake bila kuonja chochote.

Kuhusu mitambo yenyewe, iliyoenea zaidi hutumia leza kwa namna ambayo mimi huiona kuwa ya ajabu kila ninapoifikiria. Hewa huingizwa katika chumba kidogo, kifupi kuliko mkono wa mtu, chenye vioo vinavyoakisi karibu mwanga wote unaovigonga. Leza huwashwa hadi chumba kijae mwanga, kisha huzimwa ghafla. Mwanga uliobaki ndani hauzimiki papo hapo. Huendelea kudunda kutoka kioo hadi kioo kwa jumla ya kilomita nyingi, ukififia kidogo kidogo, na yote hayo huisha ndani ya makumi ya sehemu za milioni ya sekunde. Leza ikiwa imechaguliwa rangi ambayo methani huimeza, mwanga utafifia haraka zaidi kadiri methani inavyokuwa nyingi. Mtambo unapima muda wa kufifia badala ya ukali wa mwanga, na kwa hiyo hata leza ikidhoofika kidogo kutokana na mtikisiko wa ndege, jibu haliharibiki.

Hata hivyo mtambo mzuri bila usawazishaji ni kama mizani isiyokaguliwa. Muuza nafaka hukaguliwa kwa mawe yaliyothibitishwa, na mawe hayo nayo yamelinganishwa na mengine yanayotunzwa na serikali. Vivyo hivyo ndege hubeba mitungi ya hewa ambayo viwango vyake vya gesi vimelinganishwa na mitungi mikuu inayotunzwa na maabara ya NOAA, shirika la Marekani la bahari na angahewa, mjini Boulder, Colorado, kwa niaba ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Katikati ya safari mtambo hunyweshwa hewa ya mtungi, husoma, na tofauti yoyote hurekebishwa. Lengo lililowekwa na shirika hilo ni kwamba vipimo vya kaboni dioksidi vya maabara tofauti katika nusu ya kaskazini visipishane kwa zaidi ya sehemu 0.1 kwa milioni, na vya methani visipishane kwa zaidi ya sehemu 2 kwa bilioni. Ukirudi kwenye mfano wetu wa sehemu 16, au 8, utaona kwa nini masharti ni makali hivyo. Mvuke wa maji nao ni mtego: hewa yenye mvuke wa asilimia 1 huonekana kuwa na kaboni dioksidi pungufu kwa sehemu 4 hivi kwa milioni kuliko hewa hiyohiyo ikikaushwa, kwa sababu tu maji yamechukua nafasi, na kwa hiyo kila kipimo lazima kirejeshwe kwenye hesabu ya hewa kavu. Mbali na leza, ndege hujaza pia chupa za kioo zinazofunguka na kufunga kwa amri ya kompyuta, ambazo baadaye huchunguzwa maabara kwa gesi nyingi ambazo mtambo wa ndani hauzisomi.

Tukishapata kiwango, tunarudije kwenye sufuria? CARVE ilitumia mbinu ya kuirudisha hewa nyuma. Kwa kila mahali ndege ilipopima, kompyuta huachilia maelfu ya chembe za kufikirika na kuziendesha kinyume cha upepo, saa kwa saa, siku kadhaa nyuma, ili kuona ziligusa ardhi wapi na kwa muda gani. Hapo hupatikana ramani ya eneo ambalo hewa ile ilipata nafasi ya kuokota gesi. Kisha huchukuliwa makisio ya utoaji wa kila aina ya ardhi, huzidishwa na ramani hiyo, na jibu hulinganishwa na kile ndege ilichosoma. Yasipolingana, makisio hurekebishwa mpaka yaafikiane na maelfu ya vipimo kwa pamoja. Udhaifu wake uko kwenye upepo: Alaska ina vituo vichache vya hali ya hewa na milima mikubwa, na upepo ukikosewa, kinamasi kitalaumiwa kwa gesi ya jirani yake. Ndiyo maana watafiti hufanya hesabu mara nyingi wakibadilisha upepo, kimo cha tabaka na makisio ya awali, na matokeo hutolewa pamoja na kiasi cha shaka yake.

Mbinu ya pili haihitaji kurudi nyuma. Inakamata gesi ikiwa inapanda. Karibu na ardhi hewa huwa imejaa vizingia vidogo, yaani mizunguko midogo ya hewa, vingine vikipanda na vingine vikishuka. Ikiwa ardhi inatoa methani, vizingia vinavyopanda vitakuwa na methani nyingi kidogo kuliko vinavyoshuka, na mtu anayepima kwa haraka sana, mara kadhaa kwa sekunde, kasi ya hewa ya juu na chini pamoja na kiwango cha methani, anaweza kuzidisha viwili hivyo na kupata utoaji moja kwa moja. Kwenye mnara jambo hili ni la kawaida. Kwenye ndege ni kazi ngumu mno, kwa kuwa ndege yenyewe inakwenda mbele kwa mita 60 au zaidi kila sekunde, inayumba na kuinua pua, na ndani ya mwendo wote huo inapaswa kung'amuliwa hewa inayopanda kwa sentimita chache tu kwa sekunde. Wajerumani wa Taasisi ya Alfred Wegener walifanya hivyo kwa ndege yao Polar 5, ambayo ni DC-3 ya zamani iliyoundwa upya, wakiweka kipimaupepo kwenye mlingoti mrefu unaotangulia pua ili kiguse hewa ambayo ndege haijaivuruga, na wakiruka chini sana juu ya delta ya mto Mackenzie nchini Kanada katika miaka ya 2012 na 2013.

Walichokuta huko kinastahili kuelezwa. Delta hiyo iko juu ya akiba za gesi asilia za kale. Mahali ambapo ardhi iliyoganda ni nene na haijakatika, inaziba gesi hiyo kama kifuniko. Mahali ilipotobolewa na maziwa na mifereji, gesi ya chini kabisa, isiyohusiana na bakteria wa udongo wa juu, hupata njia ya kutoka. Katika eneo la kilomita za mraba 10,000, asilimia 1 tu ya ardhi ilikuwa na utoaji mkali wa namna hiyo, lakini asilimia hiyo moja ilichangia takriban asilimia 17 ya makadirio ya methani ya mwaka ya eneo zima. Hakuna idadi ya minara ambayo ingegundua hivyo, isipokuwa kwa bahati ya kusimamisha mmoja juu ya tundu lenyewe.

Mbinu ya tatu ni ya picha. Mwaka 2017, chini ya mradi wa NASA uitwao ABoVE, kamera ya infraredi AVIRIS-NG ilirushwa juu ya Alaska na kaskazini-magharibi mwa Kanada, ikakagua kilomita za mraba zipatazo 30,000 na kuonyesha takriban sehemu milioni mbili ambamo methani ilikuwa imejikusanya karibu na ardhi, nyingi zikiwa ndani ya mita 40 kutoka kwenye maji. Namba hiyo ya milioni mbili ilisambaa sana, na inatisha ikisomwa peke yake. Lakini idadi ya sehemu haisemi kilo ngapi zilitoka. Kamera ya aina hiyo huona tu penye mkusanyiko mkali. Kinamasi kinachotoa methani kidogo kidogo, sawasawa, kwa upana wa kilomita mia, hakionekani kwenye picha ingawa jumla yake inaweza kuzidi matundu yote. Thamani ya picha hizo, kwa maoni yangu, iko kwenye ule ukaribu na maji: zinaonyesha kwamba kingo za maziwa yanayopanuka kwa kuyeyuka kwa ardhi ndipo pa kwenda kupima kwa mikono, na watafiti walikwenda.

Bado kuna swali la nani amepika. Methani ya bakteria na methani ya visima vya mafuta vya Prudhoe Bay, pwani ya kaskazini ya Alaska, ni molekuli ileile. Hutambulishwa na inaofuatana nao. Gesi asilia hutoka ardhini ikiwa na ethani, ambayo bakteria wa vinamasi hawaitengenezi kwa kiasi cha maana. Moshi wa misitu inayoungua huja na kaboni monoksidi. Na methani ya bakteria ina kaboni nzito pungufu kuliko ile ya visima, tofauti inayosomeka kutoka kwenye zile chupa za kioo. Ushahidi wa aina hii ulitumika katika safari za HIPPO, ambamo ndege aina ya Gulfstream V iliruka kutoka upande wa ncha moja ya dunia hadi mwingine mara kadhaa kati ya 2009 na 2011. Juu ya Bahari ya Aktiki, hadi latitudo ya nyuzi 82 kaskazini, ilikuta methani imeongezeka karibu na uso wa bahari mahali ambapo barafu ilikuwa imepasuka na maji yako wazi. Kaboni monoksidi haikuongezeka pamoja nayo, na kwa hiyo haikuwa moshi uliosafiri kutoka viwandani. Ilikuwa inatoka baharini.

Turudi sasa Alaska, kwenye swali la awali. Kuhusu methani, vipimo vya CARVE vya mwaka 2012 vilionyesha kwamba kati ya Mei na Septemba jimbo zima lilitoa takriban tani milioni 2.1, kukiwa na shaka ya nusu milioni kila upande. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2016, ukitumia kumbukumbu za miaka 29 za kituo cha Barrow kwenye ncha ya kaskazini ya Alaska, haukuona ongezeko kubwa la utoaji wa methani wa muda mrefu katika ukanda huo, ingawa joto la hewa lilikuwa limepanda waziwazi. Ninalitaja hili kwa makusudi, kwa sababu zimeandikwa habari nyingi zinazoichora Aktiki kama bomu la methani lililokwisha kuwashwa utambi. Vipimo vya ndege na minara, katika sehemu ambazo vimefika, havijauona mlipuko huo, na anayejali hatari ya kweli ana wajibu wa kulisema hilo kwa sauti ileile anayotumia kusema mengine.

Yaliyoonekana ni mengine, na hayakuwa ya majira ya joto. Udongo wa tundra hauwi barafu siku ambayo theluji ya kwanza inaanguka. Baridi huingia kutoka juu, na ardhi iliyoganda daima inagandisha kutoka chini, lakini katikati hubaki tabaka lenye maji. Na maji yanapogeuka barafu hutoa joto, kwa hiyo tabaka hilo hukwama karibu na nyuzijoto sifuri kwa wiki nyingi, wakati mwingine miezi, huku juu yake hewa ikiwa imeshuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri. Theluji juu yake hufanya kazi ya blanketi. Ndani ya tabaka hilo bakteria huendelea kula gizani, wakati mimea, ambayo ndiyo ingefyonza kaboni dioksidi, imelala. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kutoka minara mitano ya Alaska ulionyesha kwamba miezi ya baridi, Septemba hadi Mei, huchangia angalau nusu ya methani ya mwaka katika tundra, na vipimo vya ndege ya CARVE vilithibitisha kwamba hali hiyo haikuwa ya minara hiyo mitano peke yake bali ilienea eneo kubwa.

Jibu la mwaka 2017, lililoongozwa na mtafiti Roisin Commane, liliunganisha hewa ya ndege, ya minara na ya kumbukumbu za kale. Katika miaka ya 2012 hadi 2014, Alaska kwa jumla ilitoa kaboni nyingi kuliko ilivyofyonza, tani milioni 25, shaka ikiwa milioni 14 kila upande. Msomaji aitazame namba hiyo kwa makini: kiasi halisi kinaweza kuwa 11 au 39, kwa hiyo ukubwa wake haujulikani vizuri, lakini mwelekeo wake uko upande mmoja wa sifuri. Na katika kituo cha Barrow, kaboni dioksidi inayotoka kwenye tundra kati ya Oktoba na Desemba ilikuwa imeongezeka kwa asilimia 73 tangu mwaka 1975. Msimu wa joto uliorefuka uliipa mimea nafasi ya kukua zaidi, ni kweli. Lakini uliwapa bakteria majuma zaidi mwishoni mwa mwaka, na hesabu ya bakteria ikazidi.

Kama ndege zingeruka Julai tu, wakati anga ni nzuri na mitambo haigandi, matokeo hayo yasingepatikana. Ratiba ya safari ni sehemu ya kipimo. Kwa sababu hiyo ninazithamini sana safari za kawaida zisizo na jina kubwa, kama zile zilizoanza mwaka 2009, ambapo NOAA ilifunga mitambo yake kwenye ndege za C-130 za walinzi wa pwani ya Marekani zilizokuwa zikitoka Kodiak, Alaska, kwenda doria, takriban kila wiki mbili kuanzia Machi hadi Novemba. Mradi wa mwezi mmoja huonyesha hali ya mwezi mmoja. Safari zinazorudiwa njia ileile mwaka baada ya mwaka ndizo zinazoonyesha badiliko.

Mbinu hizi hazikubaki kaskazini. Ndege ya utafiti ya Uingereza, BAe-146, iliyoruka kutoka Kiruna nchini Sweden katika miaka ya 2012 na 2013 ikipima methani ya vinamasi vya Skandinavia, ndiyo iliyoletwa Uganda na Zambia mwaka 2019 kupima methani ya vinamasi vya kitropiki na moshi wa nyika, kwa hesabu zilezile za upepo na kimo cha tabaka.

Pengo kubwa zaidi liko Siberia. Sehemu kubwa kuliko zote ya ardhi iliyoganda daima iko Urusi, na huko kulikuwa na kazi ya thamani: Wajapani wakishirikiana na Warusi walianza safari za kuchukua hewa juu ya Surgut katika miaka ya 1990, na kuanzia mwaka 2006 Wafaransa na Warusi walirusha Antonov An-30 kutoka Siberia ya magharibi hadi Yakutia. Tangu vita vya Ukraine vilipopamba moto mwezi Februari 2022, taasisi nyingi za Ulaya zilisitisha ushirikiano na za Urusi, na data za upande huo zimekuwa haba. Hesabu za Aktiki nzima zinazofanywa leo hulazimika kuegemea Alaska, Kanada na Skandinavia, ambako udongo, theluji na mito si sawa na vya bonde la mto Lena huko Siberia.

Kuna mtambo mmoja unaoweza kupunguza upofu wa setilaiti. Mwezi Agosti na Septemba 2022, ndege ya Wajerumani iitwayo HALO iliruka kutoka Edmonton juu ya vinamasi na visima vya Kanada ikiwa na CHARM-F, leza inayotuma chini mapigo mawili ya mwanga yenye rangi zinazokaribiana, moja inayomezwa na methani na nyingine isiyomezwa, kisha hulinganisha kiasi kinachorudi. Leza hubeba mwanga wake yenyewe, kwa hiyo haingoji jua lichomoze. Ujerumani na Ufaransa zinatengeneza setilaiti iitwayo MERLIN itakayofanya kazi kwa njia hiyohiyo, na ikifika angani itaweza kusoma methani juu ya tundra hata mwezi Desemba usiku wa manane. Itakachosoma ni jumla ya methani katika nguzo nzima ya hewa kutoka ardhini kwenda juu, na wale watakaotaka kujua kilo ngapi zimetoka kwenye kinamasi kipi watahitaji kujua upepo wa usiku huo na kimo cha lile blanketi la hewa baridi, ambavyo hadi sasa hupimwa na ndege inayopanda na kushuka.